Kulipia posta na kutuma vifurushi ukiwa nyumbani Marekani: Click-N-Ship, Pirate Ship, Stamps.com au UPS?

Ukipanga foleni posta ya Columbus, Houston au Minneapolis na kulipia kifurushi kaunta, unatozwa bei ya rejareja. Kifurushi hicho hicho, kikipakiwa kwenye lori lile lile, ukikilipia mtandaoni unapata bei inayoitwa ya kibiashara, ambayo kwa kifurushi kidogo huwa chini kwa dola moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Huhitaji kampuni wala leseni. Bei hiyo anaipata yeyote mwenye barua pepe na kadi ya benki, awe anauza vitenge kwenye soko la mtandaoni la Etsy au anamtumia shangazi viatu jimbo la pili.

Kinachobaki ni kuchagua ulipie kupitia nani, na hapo ndipo matangazo yanapowachanganya watu. Rai yetu tunaitanguliza: anayetuma vifurushi vichache kwa mwezi hana sababu ya kulipa ada ya kila mwezi popote. Na kabla hata ya kuchagua tovuti, pesa nyingi huokolewa au kupotea kwenye mizani na rula. Hayo tutayafikia.

| Njia | Ada ya mwezi | Kinachouzwa | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Click-N-Ship (tovuti ya posta yenyewe, USPS) | Hakuna | Vifurushi vya USPS, ndani na nje ya nchi | Asiye na printa. Anayetuma mara moja moja |
| Pirate Ship | Hakuna | USPS na UPS, pamoja na bei ya ujazo | Muuzaji wa nyumbani. Vifurushi vidogo vizito |
| Stamps.com | Takribani dola 20 | USPS na wengine, pamoja na posta ya barua (malipo yanayochapwa badala ya stempu) | Ofisi yenye barua nyingi kila siku |
| Etsy, eBay, PayPal | Hakuna | Lebo (karatasi ya anwani na malipo ya kubandika) za oda ulizouza huko | Anayeuza kwenye jukwaa hilo |
| UPS na FedEx moja kwa moja | Hakuna | Huduma zao tu | Mzigo mkubwa, au unaozidi paundi 70 |

Bei zenyewe hatukuziweka kwa makusudi. Posta hubadilisha bei mara kwa mara, mara nyingi Januari na Julai, na bei ya kifurushi hutegemea umbali. Tovuti zote tatu za juu zitakuonyesha bei kabla hujalipa. Jaza kifurushi kile kile kwenye mbili kati yake ulinganishe mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano.

Mizani na rula kwanza

Huduma inayobeba vifurushi vingi vya nyumbani inaitwa USPS Ground Advantage. Ilianza Julai 2023, ikachukua nafasi ya First-Class Package na Parcel Select Ground. Hufika kwa siku 2 hadi 5 za kazi, hubeba hadi paundi 70, na ndani yake mna bima ya dola 100 bila nyongeza.

Chini ya paundi moja, bei yake hupanda kwa ngazi: hadi aunsi 4, hadi 8, hadi 12, kisha chini ya 16. Ukishavuka paundi moja, kipande chochote cha paundi kinahesabiwa paundi nzima. Kifurushi cha paundi 1 na aunsi 1 kinalipiwa kama paundi 2. Kwa hiyo vazi la aunsi 14 likitiwa kwenye mfuko mwepesi wa plastiki wa kutumia posta linabaki chini ya paundi. Likitiwa kwenye boksi la aunsi 4 linakuwa aunsi 18, na unalipia paundi mbili. Nguo, mitandio na vitu visivyovunjika havihitaji boksi.

Mizani ya jikoni inayofika kilo 5 inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii, mradi ina kitufe cha kubadili kwenda aunsi. Kama haina, kumbuka aunsi moja ni gramu 28.35 na paundi moja ni gramu 453.6. Pima baada ya kufunga, na selotepu ikiwa juu. Watu wengi hupima bidhaa tupu, wakasahau boksi, karatasi za kujazia na lebo. Posta ina mashine zinazopima uzito na ukubwa wa vifurushi njiani. Zikikuta umeandika pungufu, tofauti inakatwa kwenye akaunti uliyonunulia, siku kadhaa baadaye, bila kukuuliza.

Upande wa rula, vipimo vya kukariri ni vichache. Upande mrefu ukizidi inchi 22 kuna tozo ya ziada. Ukizidi inchi 30 tozo inakuwa kubwa zaidi. Boksi likizidi futi za ujazo 2 nalo lina tozo yake. Ndiyo maana bomba la kadibodi la inchi 24 la kutumia picha au ramani hugharimu pesa ambayo bomba la inchi 20 halikuombi, ingawa uzito ni ule ule.

Halafu kuna uzito wa ujazo. Boksi likizidi futi moja ya ujazo, yaani inchi za ujazo 1,728, posta huzidisha urefu, upana na kimo, ikagawa kwa 166, kisha ikalinganisha jibu na uzito halisi na kukutoza ule mkubwa. Mto wa kulalia wenye paundi 3 kwenye boksi la inchi 16 × 12 × 12 unatoa 2,304 ÷ 166, yaani 13.9. Utalipia paundi 14. Ukiubana mto kwenye mfuko wa kunyonya hewa, tatizo limekwisha.

Click-N-Ship: ya posta yenyewe

Unafungua akaunti bure kwenye tovuti ya USPS, unaandika anwani mbili, uzito na vipimo, unachagua huduma, unalipa kwa kadi au PayPal, unapata lebo. Hakuna mkataba wala kipindi cha majaribio cha kukumbuka kukifuta.

Sifa yake kubwa ni kwa asiye na printa. Ukichagua kupata msimbo wa QR badala ya kuchapa, posta wanakuletea msimbo huo kwenye barua pepe; unakwenda kaunta na kifurushi kilichofungwa, unaonyesha simu, wanachapa lebo bure na kuibandika. Umelipa bei ya mtandaoni, ila hapo bado umetoka nyumbani. Maktaba nyingi za umma nazo hukuchapia kwa senti chache, na lebo ikishachapwa unaweza kurudi nayo na kumsubiri mleta barua.

Udhaifu wake ni kasi. Ukiwa na oda kumi za kujaza, utaona tovuti haina haraka. Kwa kifurushi kimoja cha sikukuu hutaona shida hiyo. Kwa duka utaichoka mapema.

Pirate Ship: bure, na ina bei ya ujazo

Jina lina mzaha wa maharamia lakini kazi ni halali. Wanalipwa na kampuni za usafirishaji, ndiyo maana hawakutozi ada wala kuongeza kitu juu ya bei. Unalipa lebo moja moja, huhitaji kuweka salio. Unaweza kuunganisha duka lako la mtandaoni, au kupakia faili la anwani kutoka jedwali la kompyuta na kuchapa lebo hamsini kwa mkupuo mmoja. Bei za USPS na UPS zinakaa kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo kulinganisha ni kutazama tu.

Inapowapita wengine ni kwenye vifurushi vidogo vyenye uzito: sabuni za kutengenezwa nyumbani, mitungi ya asali, vyuma, vinyago vya mpingo. Posta ina bei ya ujazo, yaani inayohesabiwa kwa ukubwa, isiyojali uzito hadi paundi 20, mradi hakuna upande unaozidi inchi 18. Pirate Ship huihesabu yenyewe ukijaza vipimo, ikakuonyesha kama ni nafuu.

Hesabu hiyo ina mtego wa boksi. Ngazi zinakwenda kwa sehemu za kumi za futi ya ujazo. Boksi la 6 × 6 × 4 ni inchi za ujazo 144. Ukigawa kwa 1,728 unapata 0.083, ngazi ya kwanza. Boksi la 8 × 6 × 4, ambalo mkononi linaonekana karibu sawa, ni 192, yaani 0.111: limevuka 0.1 kwa kidogo na linalipiwa ngazi ya pili. Anayenunua maboksi mia kwa jumla afanye hesabu hii kabla ya kuagiza, maana atabaki nayo.

Pirate Ship haiuzi posta ya barua za kawaida. Kama unatuma kadi za harusi, hapa si mahali pake.

Stamps.com: ada inajilipa lini?

Hii ni kampuni ya zamani, ya miaka ya 1990, na ilikuwa ya maana sana wakati ambapo bei ya kibiashara haikupatikana kirahisi. Leo vifurushi vyake havina punguzo la kutosha kuhalalisha ada, ukilinganisha na za bure. Kinachobaki ni barua. Unaweza kuchapa posta ya barua kwenye bahasha au kwenye karatasi za stempu, kwa bei ya mashine ambayo ni pungufu kidogo kuliko stempu ya kununua.

Tufanye hesabu. Tangu Julai 2025 stempu moja ya barua ya aunsi moja ilikuwa senti 78, na bei ya mashine senti 74. Tofauti ni senti 4. Ada ya dola 20 inahitaji barua 500 kwa mwezi ili irudi. Ofisi ya kodi, msikiti au kanisa lenye waumini wengi, kliniki: ndiyo. Familia: hapana.

Pia salio lazima uliweke kabla ya kuchapa, na majaribio yao ya wiki nne hugeuka ada ya kawaida yenyewe usipoyafuta. Ukijiunga, siku hiyo hiyo weka kumbusho kwenye simu.

Lebo za Etsy, eBay na PayPal

Ukiuza huko, anza huko. Anwani ya mnunuzi imeshajazwa, namba ya ufuatiliaji inamfikia yenyewe, na oda inahesabika imetumwa mara tu unaponunua lebo. Hilo la mwisho lina uzito mnunuzi akidai hakupokea, kwa sababu kumbukumbu yote iko ndani ya jukwaa. Kwa bidhaa nzito ndogo bado linganisha na bei ya ujazo kabla ya kulipa.

UPS na FedEx: lini wanafaa

Zina majina makubwa, na mtu mgeni Marekani hudhani ndizo njia ya kawaida. Kwa kifurushi cha nyumba hadi nyumba chini ya paundi 5, mara nyingi ni ghali kuliko posta, na sababu mbili zimejificha kwenye hesabu. Ya kwanza ni tozo ya kupeleka nyumba ya kuishi badala ya ofisi. Ya pili ni uzito wa ujazo: bei zao za kawaida za akaunti hugawa kwa 139, na hazisubiri boksi lizidi futi moja ya ujazo. Chukua boksi la 12 × 10 × 8 lenye vitenge vya paundi 2. Posta inakutoza paundi 2. Kwa hesabu ya 139, 960 ÷ 139 ni 6.9, kwa hiyo linahesabika paundi 7.

Ukinunua lebo ya UPS kupitia tovuti ya kati kama Pirate Ship, masharti ya bei yanaweza kuwa mepesi kuliko hayo. Soma namba ya mwisho iliyoonyeshwa baada ya kujaza vipimo, usikisie.

Zinakofaa ni mzigo mzito. Posta inakomea paundi 70. UPS na FedEx Ground zinafika 150. Cherehani, televisheni, vipuri vya gari, boksi la vyombo la paundi 40 linalokwenda jimbo la mbali: hapo linganisha kwa makini, mara nyingi UPS inashinda. Kumbuka UPS haipeleki kwenye sanduku la posta, ni anwani ya mtaa tu. Na wakija kuchukua mzigo nyumbani kwa kuitwa, kwa kawaida wanatoza. Kupeleka mwenyewe kwenye The UPS Store, au kwa FedEx kwenye Walgreens, ni bure.

Kuchukuliwa kifurushi mlangoni

Hii ndiyo faida ambayo watu wengi hawaijui, na ni bure kwa posta. Ukiwa na angalau kifurushi kimoja cha Ground Advantage, cha huduma za haraka zaidi za Priority Mail na Priority Mail Express, au cha kwenda nje ya nchi, unaomba mtandaoni na mleta barua wako anakichukua kwenye mzunguko wake wa kawaida, Jumatatu hadi Jumamosi. Tovuti uliyonunulia lebo haijalishi.

Hatua zake ni chache. Ingia kwenye ukurasa wa kuomba kuchukuliwa mzigo wa USPS, andika anwani, hakikisha mfumo unaitambua, taja idadi ya vifurushi na makadirio ya uzito wote, chagua siku, sema vitakuwa wapi, mfano mlango wa mbele, ukumbi wa nyuma au kwa mlinzi. Kama una mbwa, sema. Huwezi kuchagua saa kwa huduma ya bure. Ya kupanga muda ina malipo.

Makosa hutokea mahali pale pale kila mara. Anwani ya jengo la ghorofa bila namba ya nyumba, mleta barua anapita. Kifurushi bila lebo, hakichukuliwi. Yeye habebi lebo wala hapimi. Ombi lililotumwa asubuhi hiyo hiyo huenda likahesabiwa la kesho, kwa hiyo omba usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kosa kubwa zaidi ni la ukumbini. Kifurushi kilichoachwa nje ya mlango ni chako mpaka posta wakiskani. Kikiibwa kabla, namba ya ufuatiliaji itabaki ikisema lebo imetengenezwa tu, na bima haina la kushika kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba posta ilikipokea. Kwa kitu cha thamani, mpe mleta barua mkono kwa mkono na umwombe akiskani hapo hapo, au kipeleke kaunta uombe risiti ya kupokelewa. Mwenye vifurushi vingi atengeneze karatasi moja ya SCAN kwenye Pirate Ship au Stamps.com: ina msimbo mmoja, ukiskaniwa huo, vyote vinaingia kwenye mfumo.

Masanduku ya bluu ya barabarani nayo hupokea vifurushi vyenye lebo vinavyopita mdomoni, lakini mijini mengi yamewekwa midomo myembamba kuzuia wizi wa barua.

Stempu za mkononi zina mpaka

Wapo wanaojaza stempu kwenye bahasha nene na kuitupa sandukuni. Tangu Oktoba 2019, chochote chenye stempu kinachozidi aunsi 10 au unene wa nusu inchi lazima kikabidhiwe mfanyakazi wa posta kaunta. Ukikiacha sandukuni kitarudishwa kwako. Lebo ya mtandaoni haina kizuizi hicho, kwa sababu mtumaji anajulikana.

Stempu za barua zinunue posta, kwenye maduka makubwa, au kwenye tovuti ya USPS ziletwe nyumbani kwa gharama ndogo ya usafiri. Matangazo ya stempu nusu bei kwenye mitandao ya kijamii yaache. Barua au kifurushi chenye stempu bandia posta inakihesabu kuwa kimetelekezwa; wanaweza kukitupa bila kukirudisha.

Maboksi ya bure, na vitabu

Posta hukuletea nyumbani maboksi na bahasha za Priority Mail bila malipo, hata usafiri. Yale ya bei moja (Flat Rate) hayajali uzito hadi paundi 70 ndani ya nchi: dogo ni takribani inchi 8⅝ × 5⅜ × 1⅝, la kati 11 × 8½ × 5½. Yanafaa kwa kitu kidogo, kizito, kinachokwenda mbali. Kwa kitu chepesi kinachokwenda jimbo jirani unapoteza pesa. Usiyatumie kwa Ground Advantage, hata ukiyageuza ndani nje. Posta itakutoza bei ya Priority Mail au kukurudishia.

Vitabu vina njia yao, Media Mail, inayolipiwa kwa uzito tu bila kujali umbali. Biblia, Kurani, vitabu vya shule na CD vinaingia. Nguo, vitu vya kuchezea na vitabu vya matangazo haviingii. Posta ina haki ya kufungua na kukagua, na ikikuta kanga iliyofichwa kati ya vitabu, mpokeaji anaweza kudaiwa tofauti. Huchukua siku 2 hadi 8, na peke yake haikupi haki ya kuchukuliwa bure mlangoni. Pirate Ship na Stamps.com wanaiuza.

Lebo, bima na kurudishiwa pesa

Lebo ya kawaida ni inchi 4 × 6. Ukichapa kwenye karatasi ya kawaida, kata na ubandike kwa selotepu pembeni, usipitishe selotepu inayong'aa juu ya msimbo. Mwanga unarudi na skana inashindwa. Usikunje lebo kwenye kona ya boksi. Ukitumia boksi la zamani, funika misimbo yote ya awali kwa kalamu nyeusi nene, la sivyo mashine inaweza kusoma wa zamani. Usinakili lebo na kuitumia mara ya pili.

Umekosea anwani, au mteja amefuta oda? Lebo ya USPS ambayo haijaskaniwa unaweza kuombea kurudishiwa pesa ndani ya siku 30 tangu kuichapa. Baada ya hapo pesa imekwenda.

Kifurushi kikipotea, kwa Ground Advantage na Priority Mail madai ya bima yanafunguliwa baada ya siku 15 na kabla ya siku 60 tangu kutumwa. Kikifika kimevunjika, unaweza kudai mara moja, mradi uwe ndani ya siku 60. Utahitaji risiti inayoonyesha thamani na picha za uharibifu. Mwambie mpokeaji asitupe boksi wala vijazio.

Simu na betri

Simu iliyotumika, yenye betri ya lithiamu ndani, hairuhusiwi kwenye ndege za posta ndani ya Marekani. Tuma kwa Ground Advantage, si Priority Mail, na juu ya boksi andika kwa Kiingereza "Restricted Electronic Device" na "Surface Transportation Only". Bila maneno hayo inaweza kurudishwa. Simu mpya kwenye boksi lake la kiwandani, halijafunguliwa, haihesabiki hivyo.

Kutuma Afrika Mashariki kutoka sebuleni

Lebo za nje unaweza kununua Click-N-Ship au Pirate Ship, na fomu ya forodha inajazwa hapo hapo na kuchapwa pamoja na lebo. Kujaza kwa mkono kwenye karatasi kumebaki njia ndefu, kwa sababu karani lazima aingize kila kitu kwenye kompyuta.

Nafuu zaidi ni First-Class Package International: mwisho paundi 4, thamani isizidi dola 400, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi inchi 36. Haina bima, na ufuatiliaji wake hutegemea nchi. Priority Mail International ni ghali zaidi lakini ina bima na ufuatiliaji mzuri zaidi. Kwa mzigo wa kilo nyingi, mawakala wa Waswahili na Wakongo wanaokusanya mizigo na kuisafirisha kwa kilo huwa nafuu kuliko zote mbili. Hao si posta, kwa hiyo ulizia risiti na bima kabla ya kuwapa kitu.

Kosa linalorudia ni kutia hereni au kadi ya kumbukumbu ya simu kwenye bahasha ya barua yenye stempu. Tangu Januari 2018, bahasha za kawaida za kwenda nje zinabeba nyaraka tu. Kitu chochote, hata kiwe chepesi kama shanga, ni kifurushi na kinahitaji lebo ya forodha.

Kwenye maelezo ya forodha, "nguo" au "zawadi" haitoshi. Andika "fulana 3 za pamba za wanaume, mpya", kwa Kiingereza, na thamani ya kila moja. Kwa vifurushi vya biashara, tangu Septemba 2025 namba ya forodha ya tarakimu 6 ni lazima: fulana za pamba za kufuma ni 6109.10, vitabu vingi vya kuchapwa ni 4901.99. Thamani usiipunguze kumwepushia mpokeaji ushuru, maana ikipotea bima hulipa kile ulichoandika.

Anwani ya Tanzania au Kenya mara nyingi ni sanduku la posta, kwa hiyo weka S.L.P. au P.O. Box, mji, na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mpokeaji, kwa kuwa ataombwa akionyeshe. Kwenye nafasi ya simu ya mpokeaji usiweke namba yako ya Marekani ili fomu ipite. Weka yake, ukianza na +255 au +254, ili posta ya huko iwe na pa kumpigia mzigo ukifika.